Gari la Kumpeleka Mama

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanitafuna. Mama anaendeleaje? Dada wa nyumba ya pili kanipigia: mmezimikiwa na gari tena darajani, Mama akitoka kusafishwa damu, mkasukumwa na wapita njia.

Baba, gari lile umelifufua kwa mikono yako, na hakuna anayekwambia uliuze. Lipige msasa, liendeshe Jumapili. Lakini Mama anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki. Tafuta la pili, dogo, la kawaida, lenye spea kila duka. Liwe na sura mbaya, mradi liwake.

Kifungua mimba wako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako miguu imevimba kidogo, ila ulimi hauna ugonjwa: gari langu sasa analiita mke mwenzie.

Tulikwenda kuangalia kagari ka kijivu ka mwalimu mmoja mstaafu. Mama yako alikaa mbele, akavuta mlango mara moja ukafunga. Akasema, "Hili hili." Lakini nilipoweka gia ya tatu nikasikia giaboksi inalia. Miaka thelathini na moja nimekula karakana, siwezi kununua kitu kinacholia. Nimemwambia mwalimu tutarudi. Yapo mengine mawili ya kuangalia. Kwa sasa nimebadilisha pampu ya mafuta kwenye langu, usiwe na wasiwasi.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeongea na Mama kwa simu. Pumzi zinamkatika kabla hajamaliza neno. Kanunue la mwalimu. Acha lilie.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Baada ya mazishi uliondoka bila kuniaga, na sikulaumu. Umesikia kwa watu. Sasa sikia kwangu.

La mwalimu nililikuta limeshauzwa. Yale mengine niliyatoa kasoro, moja kutu, jingine sikumbuki hata nini. Alhamisi ile langu likagoma kuwaka. Teksi ikachelewa, zamu yake kwenye mashine ikapita. Akasema basi, tutakwenda Jumamosi.

Jumamosi liliwaka. Likaja kuzimika mbele ya kiwanda cha magodoro, geti la hospitali tunaliona. Nikataka kushuka, akanishika shati.

"Usifungue boneti," akasema. "Kaa na mimi."

Nikamwambia dakika mbili tu. Nilijua ni kabureta, na kweli ilikuwa kabureta. Nikaisafisha, nikarudi kwenye usukani, nikawasha. Likaitika papo hapo. Nikamgeukia nimwambie, umeona? Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo.

Nilikwenda naye hivyo hivyo mpaka getini. Halikuzima tena.

Mwezi huu nimenunua dogo, jeupe, hata sikulijaribu. Kila asubuhi linawaka. Nalizungusha mpaka sokoni, narudi.

Sikuombi unijibu.

Baba yako


14 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki sita ndani ya pochi yangu. Nilikuandikia mara tatu, zote nimezichana; maneno yale mtoto hamwandikii baba yake.

Nakuja Jumatano kwa basi la asubuhi. Usije kunipokea, si kwa lile wala kwa hilo jipya. Nitatembea.

Mwanao