Baba Alikataa Kutema Kahawa

Yunis weee, shika simu! Kwetu hapakaliki!

Mama alikuwa anawasimulia wageni alivyochumbiwa. Mwaka tisini na sita, tamasha la kahawa hapa Ifakara. Waonjaji waliambiwa waonje, kisha wateme kwenye ndoo.

Baba yangu Masanja, naye mwonjaji, ateme kahawa? Mtu kakumiminia kwa mikono yake, halafu uteme mbele yake? Akameza. Kila kikombe. KILA kikombe, Yunis!

Moyo ukamwenda mbio, miguu ikakataa kutulia. Mara kamgeukia binti aliyekuwa anamimina, watu wote wanasikia: "Paskalina, usipokubali nikuoe siondoki hapa!"

Baba huyu huyu! Ambaye siku zote alikuwa anashindwa hata kumsalimia!

Wageni wakapiga makofi. Baba naye, kwa raha zake, akaropoka: "Wala sikuwa mimi. Ilikuwa kahawa."

ILIKUWA KAHAWA!

Mama akaanza kukusanya vikombe vya wageni. Wageni wakaaga haraka haraka. Sasa hivi mama kapika kahawa nzito, kamwekea baba birika zima, kavuta kigoda kakaa mbele yake.

"Kunywa, baba Ester. Nataka nisikie leo itasema nini."

Anakunywa, Yunis. Mikono inamtetemeka, na bado ni kikombe cha kwanza.