Kasiye Thelathini na Moja za Mama Neema

Dada yangu mpenzi Riziki,

Kwa heshima kubwa, familia yote ya huko Baraka inajulishwa kwamba mimi, mdogo wako mwenye upara na tumbo, sasa naandika kwa kompyuta. Watu wasimame. Wanaotaka kulia kwa furaha wapewe nafasi. Ni vidole viwili tu vinavyofanya kazi, vile vinane vinatazama, lakini maendeleo ni maendeleo.

Mguu wako umepoa? Na mihogo je, mvua haikuiozesha? Sisi huku Kalemie tuko wazima, isipokuwa mimi, ambaye tangu Jumanne moyo haujarudi mahali pake. Keti nikueleze.

Depo yangu unaifahamu. Wakina mama wanachukua vinywaji vya chupa kwa jumla, wanaviuza sokoni na bandarini, kisha wanarudisha kasiye, yale makreti ya plastiki, na chupa tupu. Hizo kasiye ndizo uhai wangu, maana nisipopeleka tupu sipewi zilizojaa. Miaka yote niliandika kwenye daftari, na panya walikuwa wanalisoma kuliko mimi. Basi mwalimu mmoja wa sekondari akanitengenezea tablo ndani ya kompyuta: kila mama na mstari wake, kasiye zilizotoka, zilizorudi, zilizobaki kwake. Anayekaa nazo sana, mstari wake unageuka mwekundu wenyewe. Dada, niliipenda tablo ile kuliko chakula. Mke wangu alisema, "Na mimi uniweke humo, labda utaniangalia."

Mwisho wa mwezi mstari mmoja ukawaka: Mama Neema, kasiye thelathini na moja. Nilishtuka. Ni yule binti wa rafiki yako wa chumba cha maombi, uliyeniomba nimpokee kama mwanangu. Wiki nne hajarudisha hata moja! Chini kabisa, mstari wa kijani ukanishangaza kwa upande mwingine. Mama Mapasa, mteja mpya, alikuwa amerudisha kasiye thelathini na moja ambazo hakuzichukua. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, kumbe Wakristo wa kweli bado wapo.

Jumatatu asubuhi depo ilijaa wanawake, nami nikawasomea tablo kwa sauti. Nilipofika kwenye mstari mwekundu nikatangaza: "Mama Neema amekimbia na kasiye zangu. Hapa hapewi tena kitu."

Jumanne akaja mwenyewe. Alitembea polepole, mtoto mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wote wawili hawajatimiza mwezi.

"Papa, nimesikia niko mwizi."

"Mama Neema, kasiye zangu..."

"Mama Neema njo nani? Tangu nizale hawa mapasa, hata bwana yangu haniite vile. Wifi yangu alikuletea kasiye zako zote, safari tatu, akisukuma pusupusu. Aliandikisha jina gani?"

Dada, wewe unajua desturi. Mwanamke akizaa mapacha, anakuwa Mama Mapasa, jina la zamani linawekwa pembeni siku ile ile, na kumwita kwalo ni kumdharau. Nilijua na mimi. Nikaitazama tablo: nyekundu thelathini na moja, kijani thelathini na moja, mtu mmoja. Nikakalia kasiye.

Mwanamke mmoja akapiga makofi. "Papa, kompyuta yako haijue kuzala!"

Wote wakacheka, yeye hakucheka. "Watu wa arusi walikuwa wamenipa komande ya vinywaji vya Jumamosi," akasema. "Jana jioni wamenikatalia. Wanasema hawawezi kununua kwa mwizi."

Nikajibu kwamba kompyuta iliingiwa na virusi. Wanawake wakasikitika, mmoja akaipapasa kama mtoto mwenye homa. Mama Mapasa akaondoka na watoto wake.

Nisalimie shemeji, na umwambie suruali aliyonitumia inanibana, kosa si la fundi. Msalimie mama mdogo anayekaanga maandazi, na mjomba wa nyavu, kama bado anabishana na redio. Wajukuu wako wote uwabusu, hata yule anayeuma.

Sasa, kabla mama yake hajakuuliza kwenye maombi, pokea ukweli wenyewe. Virusi havikuwepo. Wifi yake alikuwepo Jumatatu, amesimama karibu na mlango. Nilipotaja Mama Neema aliinua mkono: "Papa, ngoja, huyo njo..." Nikamkata: "Nyamaza mama, tablo haikosei." Wanawake wote walikuwa wananitazama, nami nilikuwa na miwani mipya, nikajiona mkurugenzi. Akashusha mkono. Nilimwona akiushusha, na nikaendelea kusoma.

Jana nilikwenda kwa watu wa arusi, nikawaeleza hivi hivi nilivyokuandikia, bila kuitaja kompyuta. Walinisikiliza hadi mwisho, wakanipa kiti na maji. Vinywaji walikuwa wameshalipia kwa mwingine. Kesho nitawaambia wanawake wa depo, wote wakiwepo, na wifi yake nimemwomba asimame mbele.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Wilondja