Mama, Wanasema Unapiga Chapa

Mama,

Wa kwanza kuniambia alikuwa Mzee Okoth, yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Tulikuwa ndio tumerudi kutoka Ahero kukuzika, matope ya nyanda za Kano bado yamo kwenye nyayo za viatu vyangu. Alinisimamisha pale mtaani kwetu Kondele, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani. "Atieno, sitaki kukutisha," akasema. "Lakini jana mchana mama yako alikuwa kazini. Nimesikia yeye."

Nikamwambia duka limefungwa, Mzee, na ufunguo ninao mimi.

"Ndio maana nakuambia," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mama, sikulala vizuri. Si kwa kuogopa tu. Moyo wangu ulifurahi kabla akili haijaukataza. Nilitamani iwe kweli.

Nataka nikueleze yote yaliyotokea, maana wewe ulikuwa mtu wa kupenda habari yenye kichwa na miguu. Lakini kila nikianza naisikia sauti yako ikiilalamikia ile mashine, na najikuta nacheka peke yangu.

Ulikuwa umepiga taipureta miaka mingi kwenye ofisi za watu kabla hujafungua chumba chako mwenyewe. Halafu mjomba akaleta kompyuta kutoka Nairobi, ofisi moja ilikuwa inabadilisha vifaa vyake ikaitoa ile ya zamani. Tuliiweka mezani, tukaichomeka, ikakoroma kama mzee mwenye kifua, kisha zikatokea herufi za kijani kwenye giza. Uliitazama mikono ikiwa kiunoni. "Hii ni televisheni isiyo na habari," ukasema.

Hukuwahi kuisamehe. Ulisema ina maswali mengi kama polisi wa barabarani. Ukitaka kufuta ukurasa inakuuliza kama una uhakika. Ukitaka kutoka inakuuliza kama unataka kuhifadhi. "Taipureta haijaniuliza hata siku moja kama nina uhakika," ulikuwa ukisema. "Inajua mimi ni mtu mzima." Uliwalaumu watengenezaji kwa kitabu cha maelezo, kile kinene kama Biblia, ambacho kila jibu lake lilikutuma ukurasa mwingine. Uliwalaumu kwa disketi zilizoota ukungu msimu wa mvua. Hata sami wa ziwani uliwalaumu wao. Jioni wale wadudu walipopanda kutoka ziwani kama moshi, waliacha taa zote za mtaa wakaja kujibandika kwenye skrini yako, na wewe ukiwapangusa kwa leso huku ukisema waliotengeneza hiki kitu hawakuuliza mtu yeyote wa Kisumu.

Stima nayo. Ulikuwa umemaliza katiba ya kikundi cha akina mama wa Obunga, kurasa na kurasa, na hukuwa umehifadhi. Stima ikapotea. Niliogopa kukutazama usoni. Ulivuta taipureta, ukaifunua, ukaanza upya na neno la kwanza. Ulipiga mpaka kengele ya mwisho wa mstari ikawa kama ya shule. Hukumtukana mtu. Ulipomaliza ulisema tu, "Karatasi haijui giza."

Lakini lililokuudhi kuliko yote ni yale mambo ya kusahihisha maneno. Mashine haikumjua Mjaluo hata mmoja. Kila jina ililisimamisha kama kosa, ikaleta orodha ya majina bora kwa maoni yake. Jina lako, Achieng', la mtoto wa mchana, ilitaka liwe *aching*, lile neno la Kiingereza la kuumwa. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa jua likiwaka ni mgonjwa," ukasema. Ukawa unawaambia wateja, na wateja wakawa wanakuja kuuliza mashine inasema wao ni nani.

Na ule mchezo. Ulinikuta nikicheza matofali yanayoanguka, ukanikemea kwamba mashine ya kazi haichezewi. Wiki haikuisha, nikakukuta wewe. Vidole vya mpiga chapa, Mama, hakuna mwenzako Kisumu nzima aliyeweza kuyapanga matofali yale kama wewe. Ulicheza saa ya chakula, mlango umerudishwa, chai inapoa. Na bado ulilalamika. "Mchezo gani huu," ulisema macho yakiwa hayaondoki kwenye skrini. "Ukijenga ukuta ukakamilika, wanauvunja. Hakuna kushinda humu ndani. Kuna kuchelewa kushindwa tu."

Nilicheka siku hiyo.

Presha haikuchelewa. Ulikwenda soko la Kibuye kununua mboga, ukakaa chini kwenye gunia la mwanamke usiyemjua, ukamwomba maji. Waliokupeleka hospitali walinitafuta dukani. Nilipofika ulikuwa umefunikwa. Mpaka leo yule mwanamke wa gunia akiniona hunipa mboga.

Mama mdogo Rispa alisema programu ya mazishi tukaitoe kwingine. Nikakataa. Umechapa programu za marehemu wangapi katika chumba kile, miaka hii ambayo watu wanakufa kama wameitwa? Kila Ijumaa watu walipanga foleni na picha zao ndogo. Uliwapokea kwa sauti ya chini, ukawauliza jina la marehemu herufi kwa herufi, kwa sababu ulisema mtu asizikwe na jina la mwingine. Basi nami nilikaa kwenye kiti chako nikachapa lako. Nilipofika kusahihisha, mashine ikasimama kwenye jina la kwanza kabisa. Achieng'. Ikaniletea lile neno lake.

Nilikaa mbele yake, Mama. Sikuweza kubonyeza chochote. Kwa mara ya kwanza niliona haikuwa imekosea sana.

Mwishowe nililiruka, na jina lako likabaki kama ulivyopewa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa ndio unatoka kwenye printa stima ilipopotea. Nikauvuta, nikakusanya karatasi, nikafunga mlango, nikakimbilia mjini kwenda kutoa nakala.

Sasa turudi kwa Mzee Okoth. Alipomaliza kunisimulia mimi, aliwasimulia wengine. Habari ikafika kwa muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, naye akasema hata yeye amesikia: kitu kinakwaruza, kinanyamaza, halafu kinalia kama kifaranga. Ikafika kwa kinyozi. Ikafika kanisani. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameacha barua yake dukani kabla hujafariki alinituma nimtolee nje, yeye hakutaka kukanyaga kizingiti.

Mama mdogo Rispa akaja kutoka Ahero na wazee wawili wa kanisa. Wakaimba, wakaombea mlango. Kisha akaniketisha. "Nyathina," akaniambia, na unajua akiniita mwanangu kwa Kijaluo ana neno zito, "hii kitu iuzwe. Dada yangu hajapumzika kwa sababu yake. Alipigana nayo akiwa hai, sasa inamrudisha kazini." Nikamuuliza nami nitakula nini, maana kazi ninayoijua ni hiyo. Akalia, nami nikalia. Hakubadilisha neno. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikaamua kwenda kukungoja.

Nilifungua duka asubuhi, nikaingia, nikarudishia mlango. Hewa ilikuwa ile ile ya wino na mafuta yako ya kichwa. Kibodi imejaa vumbi. Taipureta iko pembeni chini ya kile kifuniko ulichofuma mwenyewe. Stima haikuwepo tangu alfajiri, kwa hiyo nilikaa kwenye mwanga wa dirisha kwenye kiti cha wateja, si chako. Niliomba. Niliita jina lako kidogo, kwa aibu, kama mtoto anayemwamsha mama yake aliyelala mchana.

Kisha kukatokea kelele. Printa ikatikisika, kichwa chake kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikakwaruza reli yake. Kompyuta ikakoroma na kulia mara moja. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono kwenye komeo, nilipoona taa ya dukani juu yangu imewaka.

Stima ilikuwa imerudi, Mama. Basi. Siku ile ya programu yako nilitoka gizani bila kuzima swichi ya ukutani, na ile ya mashine yenyewe unajua ilikwama zamani ikiwa imewashwa. Kila stima iliporudi, viliamka vyenyewe ndani ya chumba kilichofungwa.

Nilirudi nikakaa. Na hapo nikaona kilichoandikwa kwenye skrini. Siku zote ulikuwa unaiwasha wewe, mimi nikija nakuta iko tayari, na siku ya programu yako nilibonyeza tu bila kusoma, kwa hiyo sikuwa nimelitilia maanani. Mashine hii haina saa ndani yake. Ikizimwa inasahau kila kitu. Ikiamka inaamini leo ni tarehe mosi Januari mwaka wa themanini, halafu inauliza: tarehe ya leo ni ipi?

Mwaka wa themanini, Mama. Ulikuwa na gauni la kitenge la njano. Ulinibeba mgongoni nami nimeshakuwa mkubwa wa kutembea, kwa sababu barabara ilifurika. Mashine ilikuwa imekaa ndani ya mwaka huo ikingoja mtu aje aikatalie. Sikuikatalia. Nilibonyeza kitufe ikapita.

Niliwaita majirani. Niliacha mlango wazi kabisa, tukangoja stima ipotee na irudi, na Kondele haikutuchelewesha. Ilipokwaruza, muuza samaki alimshika kinyozi mkono. Nikawaonyesha swichi. Nikaizima, nikaiwasha, ikakwaruza tena. Mtu akacheka, kisha wote. Mama mdogo Rispa alikuja naye akaona, akakaa kwenye benchi akasema, "Kumbe ni stima," na sijui kama alifarijika au alihuzunika. Sura yake ilikuwa kama yangu. Hakulitaja tena neno la kuuza.

Mzee Okoth peke yake hakucheka. Alingoja wengine waondoke. "Hiyo nimesikia," akasema, akiielekeza printa kidole. "Hiyo ni sawa. Lakini mimi nimekaa karibu na mama yako miaka mingi, Atieno. Kuna siku ilikuwa kengele. Ile kengele ndogo ya mwisho wa mstari. Na stima haikuwepo, nilikuwa nashona kwa mguu." Hakungoja nimjibu.

Sijui niliweke wapi neno hilo. Nimelibeba tu. Kifuniko chako kiko kama ulivyokiacha na sijakiinua.

Wateja walirudi. Nilichapa barua zao, hati zao, programu za marehemu wao. Na kila asubuhi mashine iliuliza tarehe, na kila asubuhi nilibonyeza kitufe, tukaingia wote wawili mwaka wa themanini. Sikuona ubaya. Nilifanya kazi nikijua nyuma yangu, mahali fulani katika siku hiyo, uko hai. Nilianza kuchelewa kurudi nyumbani. Nilianza kunywa chai vikombe viwili, kimoja kikipoa upande wa pili wa meza. Mzee Okoth aliona hicho kikombe. Aliangalia pembeni.

Kisha akaja Mwalimu Wafula, yule wa kutoka Bungoma anayefundisha shule ya msingi. Nilikuwa nimemchapia barua ya kuomba uhamisho arudi kwao, mke wake anaumwa huko na watoto wako peke yao. Barua ilikuwa imerudishwa. Aliiweka mbele yangu taratibu. Pale juu, mahali mashine inapojaza tarehe yenyewe, ilisomeka Januari ya mwaka wa themanini. Karani wa elimu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba ofisi haina muda wa mizaha.

"Dada Atieno," akasema, "mwaka huo mimi nilikuwa darasa la nne. Sikuwa na mke wa kumwombea uhamisho." Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nitangoja. Nichapie tena."

Niliizima. Niliiwasha. Ikauliza. Vidole vilikuwa juu ya vitufe vya namba, na Mwalimu amesimama hapo amekunja mikono, na mke wake anaumwa Bungoma leo, si mwaka wa themanini. Nikaandika siku, mwezi, mwaka. Mwaka ambao wewe ulikufa, Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuandika bila wewe. Ikaupokea, ikaendelea na kazi.

Mwalimu alipata uhamisho. Ametuma salamu na kuku mmoja kwa basi, na kuku huyo amekataa kuchinjika, anazunguka mlangoni anawadonoa wateja. Mama mdogo Rispa anasema kaburi lako limetitia kidogo kwa mafuriko. Maji yakipungua nitakuja na udongo na jembe, nilisawazishe mwenyewe.

Pumzika, Mama. Kama kweli ulikuja siku ile stima haipo, sitakuuliza ulichapa nini, wala sitakuzuia ukija tena. Ila usikae kwa ajili yangu. Kazi ninaiweza. Nakuahidi nitawauliza watu majina ya wafu wao herufi kwa herufi, na kila asubuhi, nikiwa na nguvu au sina, nitaiambia mashine leo ni lini.

Binti yako,
Atieno