Isale la Dirishani

Dada Aika,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu zamani mimi huuliza na kujijibu.

Nianze na habari njema. Katika watu wote waliokulilia, hakuna mwenye bahati kama mimi. Wenzangu walisimama kaburini maneno yamewakaba: huyu hakukupigia simu, yule hakukuaga. Mimi nilisimama safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Yetu tulikuwa tumeshamaliza. Ulinitumia isale, jani letu la kuombana msamaha, nikalipokea kwa mikono miwili, tukapatana ungali unapumua. Nilisema hivyo mbele ya mchungaji, kipaza sauti mkononi, na kina mama wa kwaya wakatikisa vichwa, wakasema heri kaka aliyejaliwa hivyo. Ngarenaro nzima sasa inajua. Ndugu wangapi wanapata bahati hiyo?

Tangu tukulaze pembeni ya Baba, kule shambani Makumira, mambo yamekwenda kwa mwendo wake. Migomba imezaa. Ng'ombe wa jirani alivunja uzio akala maua yako yote, ila ya plastiki aliyatema. Mimi bado napikia wageni mlimani. Juzi nimeshuka Meru na Wajerumani sita wenye magoti mabovu na roho nzuri. Nikawaambia dada yangu aliishi kwao miaka ishirini na miwili, akaandika vitabu vinne. Mmoja akaniuliza vitabu hivyo vinahusu nini.

Nikamwongezea supu.

Unajua sijawahi kupanda ndege, lakini dunia naijua kwa matumbo yake. Nipe mgeni siku mbili mezani nitakuambia kwao kuna mvua kiasi gani. Shule niliiacha darasani, elimu nikaikuta jikoni. Hayo nilikuwa nakuambia kwenye simu, nawe unacheka, unasema, "Anaeli, ungesoma ungekuwa hatari." Lakini maisha yako ya huko, nikikaa kuyafikiri, nilikuwa nayasikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuongea.

Ulikwenda kusoma, ukaishia kuosha wazee. Ulinisimulia kuhusu yule fundi saa asiye na mtu. Kila asubuhi ulimchana nywele, naye akakuita kwa jina la binti yake, ukamwitikia. Siku anakufa zamu yako ilikuwa imekwisha na koti umeshavaa. Ukalivua, ukakaa tena. Ukaniambia, "Nimekaa na mzee wa watu, Anaeli, kwa sababu wangu sikukaa naye." Nikakujibu kwamba Wajerumani wakija kufa huku nitawakalia mimi, tutakuwa tumebadilishana. Ulicheka, ila kicheko chako kilichelewa kufika.

Kitabu chako cha kwanza kilitoka kwa mzee huyo. Ulikiandika kwenye basi, ukienda na ukirudi kazini, daftari juu ya goti, glavu mkono mmoja tu, mkono wa kuandikia umeuacha kwenye baridi. Mwanao Upendo ndiye aliyenieleza kuhusu glavu. Anasema vidole vile vilikuuma mpaka mwisho. Mimi sikuwahi kukuuliza unaandikia wapi. Nilidhani waandishi wana meza.

Kitabu cha tatu ndicho kilichotuponza.

Baba alipolazwa, mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, wewe uko mbali. Na alipofariki niliwaambia watu amefia mikononi mwangu. Nikasema aliniangalia akanena, "Anaeli, wewe ndiye nguzo." Nilisimulia msibani, nikasimulia arusini, nikasimulia mlimani kwa wageni waliotoa machozi. Miaka ikapita, mpaka nami nikawa naiona ile mikono. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevuka barabara kwenda kula nyama na kutazama mpira. Hukuwahi kuniambia kwamba saa ile ile ulipiga simu wodini, nesi akakujibu mzee amekwenda peke yake.

Hukuniambia, ukaandika. Mtu wa kitabuni umempa jina jingine, lakini kofia ni yangu, ile ya ngozi niliyoachiwa na mgeni. Vijana wa gereji jirani walikipata kitabu wakaniita, "Kaka Mpishi, njoo, humu kuna mtu amevaa kofia yako." Wakanisomea kwa sauti jinsi mwenye kofia anavyovuka barabara huku baba yake anakata roho. Mmoja akauliza, "Sasa nguzo ilikuwa bar?" Walicheka mpaka spana zikawaanguka. Nami nilicheka, ndiyo kazi yangu. Nikaenda nyuma ya gereji nikakupigia simu, nikasema maneno ambayo hata karatasi hii siipi.

Miaka mitatu, Dada. Krismasi tatu.

Halafu ikaja bahasha. Ndani jani moja limefungwa fundo, na mstari mmoja wa mwandiko wako: "Sikukuandika ili wakucheke. Pokea." Kumbe huko isale linauzwa dukani, watu wanalifuga dirishani kama paka, hawajui wamekaa na nini. Sisi tunajua. Baba alitufundisha tungali wadogo: mtu akikuletea isale, hata kama alikuchomea nyumba, husemi hapana. Jani likishaingia mlangoni, ugomvi umetoka.

Na sasa Upendo amekuja tena, mara ya kwanza tangu mazishi. Amefikia Lemara kwa binamu zake. Mwanao anaongea Kiswahili chako kabisa, anasema "ee, jamani" kwa pua kama wewe. Amekuja tuweke msalaba, Jumamosi hii. Akafungua begi, akatoa soksi yako ya sufu, ndani yake shina la lile isale la dirishani, limelowa maji na linachipua. Uwanja wa ndege hakuna aliyeliona. Mtoto wa kwetu huyo.

Akaniambia, "Mjomba, Mama alikata jani moja tu. Alisema jingine lisikatwe mpaka wewe ujibu."

Anasema kila alipokuuliza kama nimejibu, ulimwambia, "Mjomba wako yuko mlimani. Atajibu akishuka." Mwaka mzima niko mlimani. Hata Meru ingeniuliza kama sina kwangu. Basi aliponisikia siku ya mazishi na kile kipaza sauti, kwamba nililipokea, alilia kwa furaha. Alijua jibu lilikuja, yeye tu ndiye hakuambiwa. Sasa anachotaka ni kimoja. Anataka nisimame Jumamosi, wakati analipanda shina kichwani pako, niseme mbele ya watu maneno yale yale niliyokujibu. "Yenyewe, Mjomba. Usiongeze chumvi." Nikamwambia hakuna shida, mjomba wako kwa maneno hana mpinzani.

Akaniachia na kitabu, kile cha tatu, kilichokuwa kitandani kwako. Ilinichukua asubuhi nzima kupata ukurasa wa kofia. Nilisoma kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea, kama darasa la pili. Nikafika pale vijana wa gereji walipoishia. Nikaendelea, kwa sababu safari hii hakukuwa na wa kucheka.

Dada, kwa nini hukuniambia kuna ukurasa unaofuata?

Mwenye kofia anarudi. Ana kipande cha mbavu kwenye gazeti, amemletea baba yake. Anakuta kitanda, na mzee ameshafunikwa shuka. Anakaa, anaikata ile nyama vipande vidogo vidogo, vya mtu asiye na meno, anavipanga juu ya kisosi, anamweleza mzee matokeo ya mpira. Anamweleza na nani alifunga. Nesi anasimama mlangoni, hana moyo wa kumwambia aondoke. Kumbe baadaye nesi alikuambia na hilo. Nami nilikuwa nimelificha kuliko lile la barabara, maana niliona ndilo la aibu zaidi, mwanamume mzima kumkatia nyama maiti. Wewe ukaliandika kama mtu anayeshika yai.

Miaka yote hiyo nilikukasirikia kwa nusu ya kitabu. Hata hiyo nusu nilisomewa.

Bahasha yako ninayo. Iko kwenye sanduku langu la viungo, chini ya iliki, inapanda na kushuka nami kila safari. Jani limekauka, fundo halijaachia. Kesho naenda Lemara, kabla ya Jumamosi, niiweke mikononi mwa Upendo, nikae chini nimweleze. Akiniambia niondoke nitaondoka. Akikubali, shimo la isale nitalichimba mimi kwa mikono yangu, na nakuahidi nitalitunza, na ng'ombe wa jirani ataniona. Vitabu vyako vingine vitatu nitavisoma, kila ukurasa na unaofuata. Mgeni akiniuliza tena vinahusu nini, nitajua.

Pumzika, Dada yangu. Umsalimie Baba. Usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe.

Ila wewe huna haja ya kuambiwa, unajua. Ile bahati niliyoanzia barua hii ni uongo. Isale lako sikulipokea. Nilikutumia ujumbe wa sauti, nikacheka ndani yake, nikasema majani ya dukani sisi huku tunawapa mbuzi. Simu ikaonyesha umesikiliza. Ukamwambia mtoto niko mlimani.

Sikuwa mlimani, Dada. Nilikuwa hapa hapa Ngarenaro, nimekaa, simu mkononi.

Mdogo wako,
Anaeli