Aliyebisha Asifunguliwe

Jumapili, masika. Mvua imeanza adhuhuri na bado inanyesha ninapoandika. Pareto haikuanikwa, njia ya Ikonge ni tope tupu, na mimi nina furaha yangu, kwa sababu siku ya namna hii hakuna wa kuniambia niweke kitabu chini nikashike jembe.

Shajara yangu, leo nina habari za mizuka.

Kitabu chenyewe unakijua. Ni kile kisicho na jalada, alichoniletea shemeji yangu anayepika kwa Mzungu mmoja huko Nyansiongo. Alikikuta kando ya jiko, kimewekwa kiwe cha kuwashia moto, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshateketea. Kwa hiyo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ninachojua ni kwamba ni visa vya mizuka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba tangu kifike hapa nimekuwa mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto mbio mbio ili apate kukirudia.

Na maoni ninayo. Sipendi visa vya damu. Kichwa kikikatwa ukurasa wa kwanza, mimi wa tatu nimeshachoka, maana kuchinja tunakuona hapa nyumbani bila kusoma. Wala sizipendi sana zile nyumba zao kubwa zenye vyumba ambavyo hata mwenyewe havijui. Nyumba yetu ni ya duara. Mzuka angejificha wapi, nyuma ya chungu? Ninachopenda ni kisa kinachokuja polepole. Kiti kimesogea kidogo. Mgeni amekaribishwa chakula naye hali. Hapo mwili hunisisimka, nami nafurahi kama mtoto anayerushwa juu na baba yake akijua atadakwa.

Ni aibu kidogo, kwa maana sisi ni Wasabato. Tumefundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote mpaka parapanda ilie. Nalisadiki hilo kwa moyo wote. Ila giza likiingia nalisadiki kwa kujikaza.

Mama hasomi, lakini kusikiliza anajua. Jumapili za mvua yeye huambua maharagwe, mimi namsomea, nikikigeuza Kiingereza kuwa Kigusii papo hapo. Hajaogopa hata mara moja. Mzuka ukilia ghalani yeye huuliza una njaa ya nini. Mwanamke mfu akitembea ukumbini na gauni jeupe, Mama hutaka kujua watoto wake walibaki na nani. Mwanzoni alikuwa ananiudhi. Mtu anakuharibia hofu yako kwa maswali ya jikoni!

Sasa ngoja nikueleze tuliyo nayo nyumbani, maana bila hayo ya leo hayaeleweki.

Kaka yangu Ombati alikwenda vitani, akapelekwa Burma. Vita viliisha, wenzake wakarudi na makoti yao ya jeshi, yeye hakurudi. Serikali ilisema tu kwamba hajulikani aliko. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu asiyekuwepo ndiye mwenye mambo yote. Tangu wakati huo Mama hajaukomea mlango wake usiku. Huurudishia tu, ili akija ausukume.

Na sasa kuna mtoto. Mogaka, mdogo wetu, anachuma majani ya chai kwa Wazungu Kericho, na mkewe Kerubo amejifungua mtoto wa kiume akiwa hapa kwa Mama. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki. Zamu ilikuwa ya Ombati, kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema. Ukimpa mtoto jina la Ombati, umekubali kwamba Ombati amekufa. Ukimpa jina jingine, umemruka. Basi Mama alinyamaza, na mtoto akakaa bila jina, amenenepa, anacheka, anaitwa Mgeni. Majirani walianza kunong'ona kwamba analia sana kwa sababu anadai jina lake. Kerubo hakumwambia mkwewe neno, lakini mimi, wifi yake, nalala naye chumba kimoja. Nimemsikia akilia pamoja na mtoto.

Leo nilifungua kisa ambacho sikuwahi kumsomea Mama. Nilikuwa nimekiepuka, kisha nikajisahau kwa utamu wa mvua. Kinahusu askari anayerudi kwao jioni moja na kubisha mlangoni. Nilipokumbuka kinakoelekea nilikuwa nimeshafika kwenye kubisha, na Mama ameacha kuambua maharagwe.

Akauliza ni nani anayebisha.

Nikasema ni mwana wao, aliyekufa vitani.

“Wakafanya nini?”

Ningeweza kudanganya. Yeye hajui Kiingereza, na kitabu kilikuwa mikononi mwangu. Ningemwingiza yule kijana ndani, nikampa uji, nikamkalisha karibu na moto. Lakini Mama alikuwa ananitazama usoni, nami sijawahi kuweza kumdanganya Mama akinitazama. Nikamwambia kwamba walizima taa wakasukuma meza mlangoni.

“Hao watu hawana adabu,” alisema.

Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na maoni yangu yote, sikuwahi kujiuliza. “Huyo kijana mwenyewe alijua kwamba amekufa?”

Nikarudi nyuma kurasa mbili nikatafuta. Nikamjibu kwamba hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ndiyo maana alikuwa bado anatembea.

Mama akayaweka maharagwe chini. Akasimama, akaenda mlangoni, akausukuma wazi, mvua ikawa inamrukia miguuni. Nilidhani anatazama kuku. Kisha akasema na njia, kwa sauti ileile anayotumia kutuita tuje kula.

“Ombati, omwana one. Mwanangu. Wewe ulikufa huko. Hukuambiwa kwa sababu mimi sikutaka kukuambia. Usitembee tena, umechoka. Njoo. Mdogo wako amepata mtoto.”

Nililia, shajara. Nililia mpaka nikakifunika kitabu kwa kanga kisilowe. Sijui mchungaji angesema nini. Kama Ombati amelala, basi hakusikia, na hakuna aliyedhurika. Kama alisikia, namwomba Mungu atusamehe, lakini nafurahi kwamba alisikia.

Mama akarudi ndani, akampokea mtoto kwa Kerubo, akamwita Ombati. Ningependa kuandika kwamba mtoto alinyamaza hapo hapo, maana kitabu changu kingesema hivyo. Hakunyamaza. Alipiga kelele mpaka aliporudishwa kwa mama yake akapewa ziwa. Kerubo alikuwa analirudia lile jina polepole huku akimnyonyesha, na tabasamu ambalo sijaliona kwake tangu ajifungue.

Nimekuwa nikifikiri kwamba visa vya mizuka vinatisha kwa sababu ya yule aliye nje. Leo naona walionitisha ni wale wa ndani, na meza yao. Ikinyesha tena Jumapili ijayo nitakisoma kisa kile upya, nione kama bado kitanisisimua au nitamhurumia tu kijana wa watu.

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu naiweka chini, nikasikia mti ukikwaruza mlangoni. Nimeinua kichwa. Ni Mama, anatia komeo. Limekaa muda mrefu bila kazi hata amelazimika kulipigapiga kwa kiganja ili liingie.

Nimemuuliza kama ana hakika.

“Lala, mwalimu,” amenijibu. “Ombati ameshaingia.”