Julai za Kukandika

Mpendwa kaka Eliseo,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikiamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Marcelina na watoto, na kwamba joto la Texas halijawapika. Sisi hatujambo. Tobías anaota meno ya nyuma, kwa hiyo halali, nami silali, lakini huo si ugonjwa. Baba anakula vizuri. Mgongo humsumbua asubuhi, kisha akishakunywa kahawa anasahau kwamba ulimsumbua.

Kaka, najua unachosubiri. Unasubiri karatasi za kuuzia nyumba yetu ya kijijini Los Sauces, zenye sahihi yangu chini ya yako, kwa sababu mnunuzi amekupa mpaka mwisho wa Agosti. Uliniambia nimpeleke Baba akaiage nyumba kwa barabara ileile ya zamani, kisha nitie sahihi mambo yaishe. Nilikubali, na karatasi nikaziweka kwenye mkoba. Basi nivumilie nikusimulie safari, maana jibu langu halitaeleweka bila hiyo.

Tuliondoka Tucson alfajiri, kabla lami haijaanza kuwaka. Baba alikaa mbele na kofia yake, watoto nyuma, boksi la barafu katikati yao ili wasipigane. Ysidra ana miaka sita sasa, ila mdomo wake una arobaini. Tulipofika Casa Grande, akalitazama lile jumba la udongo la watu wa kale na paa kubwa la chuma lililosimamishwa juu yake, akasema eti nyumba imevaa kofia kama Babu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimwona marehemu Mama, kaka. Hapo ndipo alipokuwa akitushusha kila Julai, anatugawia maharage yaliyoviringishwa ndani ya chapati za tortilla, na wewe unajimwagia pilipili kwenye shati la safari. Kisha anausogelea ukuta mpaka mlinzi amkemee, anarudi akitikisa kichwa, anasema waliokandika pale walikuwa wanawake, kwamba mwanaume asingekuwa na subira ya kulainisha namna ile.

Kwenye korongo la Mto wa Chumvi pikapu ilianza kuchemka. Baba akaniamuru nizime kiyoyozi na niwashe kipasha joto, ili injini ipumue. Unakumbuka tulivyokuwa tukiokwa humo kama mikate, Mama akitupangusa kwa kitambaa cha maji ya barafu? Nami nilifanya vilevile, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unatafuta shingo ya Tobías.

Kwenye ule mwamba ambao wasafiri wa kale walichonga majina yao, Ysidra naye alitaka kuchonga lake. Nilipomkataza akauliza kwa nini wale wa zamani waliruhusiwa. Baba akamjibu kwamba wale hawakuwa na mama wa kuwafinya. Chini ya kijiji cha Acoma tulinunua mkate wa moto kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya tanuri lake. Tukaula ndani ya gari bila siagi, mvua ikitunyeshea kwa muda mfupi na kuondoka. Harufu ya udongo mbichi ikaingia madirishani. Hapo ndipo Baba alipovua kofia, akaiweka magotini na kutazama nje mpaka tulipoanza kuziona nyumba za kwetu.

Nadhani nilijua anachowaza. Tulikuwa tukipanda kuja huku kila Julai kwa sababu kabla ya sikukuu ya Santa Ana wanawake wa Los Sauces hukandika upya kanisa dogo, kisha hukandikiana nyumba, moja baada ya nyingine. Wanaume wanachanganya udongo na mabua na kusukuma toroli, lakini mikono inayogusa ukuta ni ya wanawake. Halafu ukaja mwaka ule Baba aliposhuka na mifuko ya saruji aliyoinunua kwa mshahara wa mgodini. Mama alipokuwa kanisani na udongo hadi viwikoni, nyumba yake ikapigwa lipu ya saruji pande zote. Aliporudi Baba akamwambia, “Sasa umepumzika, Cleofas. Hutabeba tope tena.” Mama aliushika mkono wake akashukuru. Mwaka uliofuata hatukuwa na haraka ya kwenda. Baadaye tukawa tunakwenda kwa misiba tu.

Nyumba tuliikuta imesimama, lakini wewe hukukosea uliposema inabomoka: ukuta wa upande wa mfereji umevimba chini kama tumbo, na lipu ina nyufa za kuingiza vidole. Niliogopa kuwalaza watoto chumba kile. Niliwaza moyoni, basi, Eliseo ana haki, imeoza, nitie sahihi.

Asubuhi akaja Mama Mkubwa Benerita, na fimbo yake na ulimi wake. Aliugonga ukuta, akatega sikio, akagonga tena. Akamgeukia Baba na kusema, “Porfirio, umeivika nyumba koti la mvua, na maji yako ndani ya koti.” Alieleza kwamba udongo hulowa na kukauka wenyewe ukiachwa upumue, ila chini ya saruji maji hayana pa kutokea. Alisema aliyefanya kosa lile si Baba peke yake, hata kanisa liliponea chupuchupu kupigwa saruji. Saruji ibanduliwe, matofali yaliyolainika yabadilishwe, ukuta uachwe ukauke, kisha ukandikwe. Nyumba haijafa.

Baba alikasirika, kaka, jinsi ambavyo sijamwona tangu utoto wetu. Alisema hakuna atakayeigusa saruji ile, kwamba aliinunua kwa mapafu yake, kwamba ni zawadi aliyompa mke wake na itauzwa pamoja na nyumba ikiwa nzima. Akaenda kukaa ndani ya pikapu, mlango kafunga. Mama Mkubwa akamfuata, akainama dirishani. Nilikuwa nafua nepi karibu, nikasikia yote.

Hakumfokea. Alimwuliza kama anajua nani alikuwa akikandika nyumba yake yeye Benerita, miaka ile yote baada ya saruji. Baba akasema hajui, na hataki kujua. Mama Mkubwa akamwambia ni Cleofas. Kila tulipokuja, hata kwa msiba, alivua nguo nyeusi, akafunga aproni ya jikoni, akachota udongo na kukandika ukuta wa dada yake mpaka giza likaribie. Akamwomba asimwambie Baba, kwa sababu mwanaume ametoa jasho lake ili yeye apumzike, sasa atamwambiaje kwamba tope ndilo alilokuwa akilingoja mwaka mzima?

Baba alifungua mlango wa pikapu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ni ukuta upi. Mama Mkubwa akamwonyesha kwa fimbo, ng'ambo ya mfereji. Akaenda peke yake. Nilimwona ameweka kiganja pale, anakipitisha taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Aliporudi hakumtazama yeyote. Aliniambia tu, “Orlinda, nyundo na tindo viko wapi?”

Pigo la kwanza alilipiga yeye. Wanawake walipotoka kanisani walikuta vumbi, wakaanza kumtania. Mmoja akamwambia Don Porfirio ashukuru kwamba hawatozi faini kwa upumbavu. Akajibu kwamba angekuwa tajiri angewalipa wote. Saruji ikatoka bamba kwa bamba, na udongo chini yake ulikuwa mweusi kwa maji.

Sasa, kaka, lile la mwisho. Barua hii naiandika nikiwa kwenye meza ya Mama, si Tucson. Chumba cha kule nimekirudisha kwa mwenyewe, kazi ya kufua mashuka ya hoteli nimeiacha. Tangu Amadeo, baba wa watoto, atutoke nimekuwa nikiamka kabla ya watoto na kurudi wakiwa wamelala, na Tobías alianza kumwita jirani mama. Hapa nimepata kazi jikoni mwa shule, na Ysidra ataanza masomo shule hiyohiyo. Baba naye anabaki. Tunalala chumba cha mashariki mpaka ukuta ukauke.

Karatasi nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sikutia sahihi, na sitatia. Najua una madeni ya maisha kama mimi, na nikipata kidogo nitakupa sehemu yako polepole, ila usinipigie simu kunibembeleza. Ningependa uje, si kugombana.

Msalimie wifi, wabusu watoto, Baba anasema uvae kofia kazini. Mama Mkubwa anauliza kama bado una masikio makubwa. Na yule bwana mnunuzi akikuuliza tena, mwambie nyumba ina watu.

Nikupendaye siku zote,
dada yako,
Orlinda