Bibi Harusi wa Majaribio

Mwenzangu, usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho.

Nilikuwa najaza upepo baiskeli kama kila Jumamosi, mara yule mwenzetu wa ofisini tunayemwita Profesa, huyo getini na baiskeli yake. "Twende tukaone makanisa ya zamani huko mashambani. Wawili tu." WAWILI TU! Na unajua nimempenda mwaka mzima bila kufungua mdomo. Hata chai niliiacha mezani.

Kanisa la kwanza, akamuuliza mama anayefagia linachukua watu wangapi. La pili, akapima kwa hatua ile njia ya katikati ya viti. Nikajiambia, mwanamume hapimi kanisa bure. Moyo ukanienda mbio kuliko baiskeli.

La tatu tumefika tumeiva kwa jua hili la kiangazi. Akasema, "Hebu tembea kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Polepole, kama bibi harusi." Akatoa simu kuhesabu dakika. Na mimi nikatembea! Kofia ya baiskeli kichwani, jasho linatiririka, natabasamu kama mwehu.

Nikafika mbele. Akatazama simu. "Umekwenda haraka, rudia. Halafu nyoosha shingo, mchumba wangu ni mrefu kuliko wewe."

Mchumba wangu. Ni mrefu. Kuliko wewe!

Mimi huyu, ninayeogopa hata kuuliza swali kikaoni, sauti ikanitoka ikajaa kanisa zima: "Mwite aje atembee mwenyewe. Mimi nilikuja kwa sababu nilikuwa nakupenda."